Pua Juu ya Paa

Chimbote, 14 Aprili 2018

Kwako mpwa wangu Nélida,

Pokea salamu kutoka meza ya jikoni, ninapoandika kwa mkono mmoja kwa sababu wa pili umeziba pua. Hapa tu wazima, ukiacha wasio wazima. Bibi yako Casimira anakula, anasali na anagombana na redio, ila kifua kinamsumbua. Akianza kukohoa asubuhi utadhani ni pikipiki iliyokataa kuwaka, na akimaliza ananilaumu mimi kwamba nilimwangalia. Paka amezalia ndani ya kofia yangu ya kazi, kwa hiyo naenda kazini, kwenye kiwanda cha makopo, kichwa wazi, na wenzangu wanasema sasa taa za karakana zinaweza kuzimwa. Mwambie mama yako, dada yangu Zoraida, jibini lake lilifika na halikulala. Simu usiniulize. Ilitumbukia kwenye tangi la maji ya chumvi, na nilipoiopoa ilikuwa na harufu ambayo sitaki kuiweka shavuni. Na unamjua Bibi: kwake kifurushi cha basi kisicho na barua ndani ni jeneza.

Sasa jambo lenyewe. Msimu wa anchoveta, wale dagaa wa kusagwa unga, umefunguliwa, na dohani ya zamani ya kiwanda cha unga wa samaki, ile iliyo nyuma ya ukuta wetu, imeamka. Nguo zinaanikwa nyeupe zinaanuliwa zina mafuta. Nzi wanatembea juu ya mkate kama wenye nyumba. Juzi nilimbusu Bibi shavuni nikahisi nimebusu kikaango. Na kiwanda kinaomba kibali cha kuitumia dohani hiyo miaka mingine kumi! Baraza la manispaa litakaa Agosti. Wakazi tumeunda kamati, na mwenyekiti ni mimi, kwa sababu walipopiga kura nilikuwa chooni.

Mhandisi wao alikuja kutuona, kiatu kinang'aa, akatabasamu. "Wazee wangu, huo ni mvuke wa maji tu. Harufu si ushahidi. Mkiwa na namba, leteni." Nilitamani kumpa namba ya kiatu changu.

Daktari amemwambia Bibi: mama, ama moshi uondoke ama uondoke wewe. Bibi akamjibu kwamba nyumba hii alijengewa na marehemu mumewe na ataondoka humo akiwa amelala chali. Kwa hiyo nahitaji namba, Nélida, na nazihitaji kabla msimu haujafungwa mwisho wa Julai. Dohani ikishalala hakuna cha kupima. Wewe unayefufua kompyuta za watu huko Arequipa, hakuna kidude kinachonusa?

Mjomba wako mwenye kinyaa,
Teodomiro

*

Arequipa, 29 Aprili 2018

Shikamoo Mjomba,

Mama anakusalimu na anasema jibini lile lilikuwa la kugawana. Magoti yake yanauma baridi ikianza, vinginevyo hajambo. Dukani kazi ni nyingi. Wiki hii nimeletewa kompyuta iliyomwagiwa supu.

Kidude kipo. Ndani ya kifurushi utakuta ubao wa kijani mdogo kama biskuti ya chumvi. Usiudharau. Ni kompyuta kamili, ila haina kioo, haina vitufe, haina hata ganda. Ule waya mwembamba unaishia kwenye kisanduku chenye feni ndogo: hiyo ndiyo pua. Inavuta hewa, inahesabu chembe za moshi, na ubao unazituma kwenye ukurasa nilioutengeneza, ambao mtu yeyote anaweza kuufungua, hata mhandisi wenu. Namba zikikaa kwako tu watasema umezitunga. Zikitoka kila dakika mbele ya watu wote, hawana la kusema.

Nimekutengenezea na sanduku la plastiki, nimelitoboa mwenyewe matundu ya hewa. Ubao ukae humo, juu ya paa.

Sasa sikiliza vizuri, maana ubao huu haujawahi kuingia kwenye mtandao wowote na hauna kioo cha kuandikia. Jina la mtandao na nenosiri lazima niviandike mimi, kwenye kadi ya kumbukumbu, kabla haujawashwa. Kadi nimeibakiza kwangu. Niandikie hivyo viwili, herufi kwa herufi, kubwa iwe kubwa, ndogo iwe ndogo. Nyumbani hamna intaneti, najua. Mtandao utakuwa wa nani?

Mbusu Bibi kwa niaba yangu, upande usio na mafuta.

Nélida

*

Chimbote, 13 Mei 2018

Mpwa wangu,

Bibi anashukuru kwa chokoleti, ambazo ameniambia zilikuwa tatu, na mimi nimejifanya kuamini. Paka ana watoto wanne na mmoja anafanana na mhandisi. Kifua cha Bibi kile kile.

Jina la mtandao ni FamiliaRosales, maneno yameshikana, F na R kubwa. Nenosiri ni bolichera77, zote ndogo. Vitunguu vimekuwa vibaya sana sokoni mwaka huu, ukivikata vinatoa maji ya ajabu. Na mvua haijanyesha, lakini hapa huwa hainyeshi.

Najua macho yako yamerudi juu kusoma lile jina tena. Haya. Ndiyo, ni yeye. Kwenye mtaa wetu waifai inayofika kwenye paa la Bibi ni ya mtu mmoja tu, na ungetaka ningekudanganya, lakini jina la baba yako limeandikwa hapo.

Mimi mwenyewe nilimeza mate kama mtu anayemeza mfupa. Unajua kiwanda kilipita nyumba kwa nyumba na karatasi: anayesaini kwamba hasikii harufu yoyote, anapewa katoni za samaki wa kopo na rangi ya ukuta. Mtaa mzima ulikataa. Hermógenes Rosales, anayefanya kazi humo humo kiwandani, alisaini. Nyumba yake sasa ni ya buluu kama jicho la samaki aliyeoza, na mimi tangu hapo nimeapa sili kopo moja la zawadi ile hata kwa kufa. Nilisimama mlangoni kwake bila kuingia.

"Hermógenes, Bibi Casimira anahitaji mtandao wako."

"Wa nini, shemeji?"

"Usiniite shemeji. Wa kupimia moshi wa mabwana zako."

Alinitazama, akaingia ndani, akarudi na lebo ya kopo imeandikwa nyuma kwa penseli. Lebo yenyewe ilinata mkononi.

Teodomiro

*

Arequipa, 25 Mei 2018

Shikamoo Mjomba,

Mama hajambo. Sijamwambia mtandao ni wa nani.

Kadi hii hapa, nimeizungushia pamba. Itelezeshe kwenye mwanya chini ya ubao mpaka ikwame, kisha chomeka umeme. Taa nyekundu maana yake umeme umefika. Ya kijani ikipepesa, kadi inasomwa. Subiri kidogo, namba zitaanza kuonekana kwenye ukurasa. Anwani yake nimeiandika mgongoni mwa bahasha.

Kuhusu jirani yako sina la kuandika, ila hili nikuambie ulijue: nilikuwa na miaka kumi na miwili, natapika kwenye ndoo asubuhi za msimu, kabla ya shule. Mama akamwambia, Hermógenes, tuhame, mtoto anakufa na harufu hii. Akainua uso kutoka kwenye uji wake akauliza, "Harufu gani?" Kila asubuhi, Mjomba. Miaka miwili. "Harufu gani?" Mpaka tukapanda basi.

Kwa hiyo sishangai kwamba alisaini.

Nélida

*

Chimbote, 10 Juni 2018

Mpwa wangu,

Salamu, na barua yako niliisoma mara mbili, mara ya pili nimesimama. Bibi aliuliza umeandika nini nikamwambia unauliza hali ya paka.

Kadi niliichomeka. Taa nyekundu iliwaka. Ya kijani ikapepesa kama jicho la mlevi. Nikapandisha kila kitu juu ya paa, nikakifunga kwa namna ambayo ni siri ya fundi, nikateremka na kipande kimoja tu cha ngozi kikiwa kimebaki kwenye ngazi. Kisha nikaenda kwenye kompyuta ya ofisi ya makopo na kufungua ukurasa wako.

Mweupe kama sahani ya maskini. Nimeufungua kila siku tangu wiki iliyopita. Karani wa ofisi anasema nikiendelea kuutazama utaota nywele kabla yangu.

Dohani haijapumzika. Jana shati langu jeupe lilitoka kwenye kamba na madoa ya njano, nikalinusa kwa bahati mbaya, nikakosa hamu ya chakula cha mchana. Na unajua mimi na chakula cha mchana.

Kosa liko wapi?

Teodomiro

*

Arequipa, 18 Juni 2018

Shikamoo Mjomba,

Kwetu wazima. Pole na ngozi.

Niliandaa kadi nyingine ya jina na nenosiri vilevile, nikaubadilisha mtandao wa duka uwe na jina hilo, nikajaribu ubao mwingine kama wako. Uliingia mara moja. Hata alama ya nchi niliiweka sawa, maana bila hiyo redio ya ubao, ile inayoshika mtandao, haiwaki. Kadi ni nzima.

Yamebaki mawili. Ama herufi alizokupa jirani yako si za kweli, ama kuna kinachozuia njiani. Ubao umeuweka wapi hasa? Sanduku langu linakaa sawa?

Nélida

*

Chimbote, 2 Julai 2018

Mpwa wangu,

Sikukuu ya San Pedrito imepita, sanamu ya mtakatifu ilipelekwa baharini kwenye boti lake na ikarudi salama, ingawa nayo iliporudi ilinuka. Fataki zililipwa na kiwanda. Bibi hakutoka. Siku mbili kabla nilimpeleka hospitali, wakamvika kinyago cha mvuke, akarudi anapumua kama begi la plastiki lenye tundu. Amekonda. Hataki niwaandikie, kwa hiyo hili hujalisoma.

Na mimi nimefanya lililonipasa. Wewe ulisema herufi ama kizuizi. Ubao nimeuweka mahali salama pa kutosha, hilo liache. Basi ni herufi. Nilimkuta Hermógenes uwanjani mbele ya kanisa, watu wote wapo, bendi inapumzika, na hilo ndilo lilikuwa kosa langu, maana sauti yangu ilipata nafasi.

"Mla makopo! Umempa mama mgonjwa nenosiri la uongo!"

"Teo, nimekupa la kweli."

"La kweli! Hata neno la siri la intaneti unaliuza kwa rangi ya ukuta? Binti yako alitapika miaka miwili mbele yako ukauliza harufu gani. Leo Bibi anakohoa damu ya roho na wewe bado unauliza harufu gani!"

Nilitema mate mbele ya kiatu chake. Nilikuwa nimekula mahindi ya kukaanga, kwa hiyo hata mate yenyewe hayakuwa na heshima. Watu walipiga makofi. Yeye aliangalia yale mate, akasema taratibu, "Herufi zote ndogo, Teo," akaondoka.

Sijawahi kuchukizwa na mtu namna ile. Sasa nitapata wapi mtandao mwingine, na msimu umebakiza wiki chache?

Teodomiro

*

Arequipa, 7 Julai 2018

Mjomba,

Lile la Bibi ambalo sijalisoma nimemsomea Mama. Analia tangu jana. Ametuma dawa ya kusugua kifuani, shali, na jibini, ambalo ni la Bibi.

Sikukutuma umwambie mbele ya bendi. Lakini sitajifanya nimesikitika.

Nakuuliza kwa mara ya mwisho, kwa heshima zote: SANDUKU LANGU LIKO WAPI?

Nélida

*

Chimbote, 13 Julai 2018

Mpwa wangu mwenye herufi kubwa,

Shali linamkaa vizuri. Jibini nimeligusa kwa kisu tu.

Haya, nitasema. Sanduku lako zuri Bibi aliliona siku lilipofika, akalipenda, akaweka humo meno yake ya bandia. Anasema yale matundu yanachuja maji vizuri. Nilijaribu kumpokonya. Meno yalinicheka, mwenyewe akanikaripia, na kwa kweli baada ya kuona utando uliobaki pembeni sikutaka tena kompyuta yoyote ilale humo.

Lakini usihuzunike, nimetengeneza bora zaidi. Mimi ni fundi wa mashine ya kufunga makopo miaka yote hii, na kopo nililolifunga mimi halijawahi kuvuja popote duniani. Nilichukua kopo kubwa, la yale yanayopelekwa jeshini, nikaufunga ubao wako humo, kifuniko juu na chini, mshono mara mbili. Nimetoboa tundu moja la umeme na moja la pua, nikaziba pembeni kwa lami. Moshi hauingii isipokuwa puani. Chumvi haiingii. Umande hauingii. Nakuambia humo ndani hakiingii kitu na hakitoki kitu!

Teodomiro

*

Arequipa, 16 Julai 2018

Mjomba,

Utoe ubao kwenye kopo. Mtandao ni mawimbi ya redio, hayapiti kwenye bati.

Nenosiri lilikuwa la kweli.

Nélida

*

Chimbote, 25 Julai 2018

Mpwa wangu,

Bibi anapumua. Nimeanza na hilo kwa sababu mengine yote yananipunguza kimo.

Barua yako fupi niliisoma nikiwa nimesimama kituo cha basi, nikaenda moja kwa moja kwenye ngazi. Nilichana lami kwa kisu, nikakata kifuniko. Nélida, ubao ule huwa na joto, na joto linaalika wageni. Lile tundu la umeme nilikuwa nimeliacha pana kidogo, mimi fundi nisiyevujisha. Mende walitoka mmoja mmoja kama wafanyakazi wa zamu, wanene, wanang'aa mafuta ya samaki, wengine na mayai yao mgongoni. Mmoja alipanda mkono wangu hadi kwapani kwa utulivu kabisa, kama anayejua njia. Ndani ya kopo, chini, kulikuwa na ute wa kahawia uliotoka kwenye moshi, wiki sita tu za moshi, mzito kama mchuzi wa jana. Nilitapika juu ya paa la marehemu baba yangu. Kisha nilifikiri: hiki ndicho kilichokuwa kinaingia kwenye kifua cha mama.

Niliufuta ubao kwa mswaki (wangu), nikamnyang'anya Bibi sanduku lako, nikalichemsha mara mbili. Bibi aliniapiza, na kwa kukosa kwake meno nikasikia nusu tu. Nikauweka juu, nikachomeka umeme, nikakimbia ofisini. Ukurasa ulikuwa na namba! Mstari mwekundu, Nélida, unapanda kama bei. Karani alipiga mluzi. Nikasimama pale napokea pongezi, na saa sita kasoro mstari ukakatika.

Nilielewa mara moja. Hermógenes ni kama sote hapa, akitoka nyumbani anachomoa kila kitu ukutani asije akaunguza nyumba: redio, friji, na ruta ya waifai. Ningeweza kumwomba asichomoe. Kwanza ilibidi niwe na mdomo wa kumwombea.

Nilikwenda jioni. Nyumba ya buluu. Mlango ulikuwa wazi, yuko mezani.

"Nimekuja kulamba mate yangu," nikasema.

"Kaa."

"Nenosiri lilikuwa la kweli. Ubao niliufunga kwenye kopo."

Akainua uso. "Kopo la bati?"

"Mshono mara mbili."

"Fundi mzuri wewe," akasema, na bega lake likatikisika, lakini hakucheka kwa sauti, na mimi ningetamani acheke. Akainuka, akachukua kopo moja la zawadi, lile lile nililoapa sili, akalifungua, akakata kitunguu, akakamua limau, akaliweka mbele yangu na uma. Nikala. Mpaka mwisho, na mchuzi. La kutia kinyaa kuliko yote ni kwamba lilikuwa tamu.

Yeye alikula bila kitunguu, bila chumvi, kama anayejaza gunia. Nikamuuliza kwa nini hatii limau.

"Kwangu ni karatasi tu, shemeji. Huo mwaka Nélida alipoanza shule nilihamishiwa ukumbi wa kujaza unga kwenye magunia. Pua ilikufa humo. Sikujua. Mtu hajui kitu ambacho hakimfikii. Zoraida aliposema harufu nilidhani amechoka na mji, anatafuta sababu. Siku moja sufuria iliungua mbele yangu mpaka majirani wakavunja mlango, ndipo nikaelewa. Basi lao lilikuwa limeshaondoka zamani."

"Na ile karatasi ya kiwanda?"

"Waliniuliza, Rosales, unasikia harufu? Nikasema hapana. Ningesema nini?"

Nilikuwa bado na uma mkononi, Nélida. Sikuwa na mahali pa kuuweka.

Hachomoi ruta tena. Ameifunga waya na msumari ukutani ili asije akasahau. Tangu siku hiyo mstari haujakatika hata mara moja, na kila mchana anakuja kwetu na simu yake, anakaa karibu na Bibi, anautazama unavyopanda. Jana aliuliza, "Hapa ndipo inanuka sana?" Nikasema hapo ndipo tunafunga madirisha. Akatikisa kichwa kama mtu anayetazama picha za harusi asiyoalikwa.

Mambo haya sikuyapamba. Fanya nayo utakalo.

Teodomiro

*

Chimbote, 20 Agosti 2018

Mpwa wangu,

Hujanijibu, na Zoraida naye kimya, kwa hiyo naandika juu ya ukimya wenu kama nguo juu ya kamba. Msimu umefungwa. Bibi ametoka nje kukaa kizingitini na meno yake kwenye bakuli la uji. Paka wamegawiwa, yule mhandisi nimebaki naye.

Baraza lilikaa Ijumaa. Mhandisi alianza na mvuke wake wa maji. Nikafungua ukurasa wako ukutani, mstari wote, na mimi nikiwa nimevaa suti niliyoolea, ambayo vifungo vyake sasa ni mapambo tu. Mhandisi akasema chombo cha nyumbani hakiaminiki, na kwamba yupo mkazi anayepakana na ukuta wao aliyesaini kuwa hakuna harufu.

Hermógenes akasimama nyuma kabisa, kofia mkononi.

"Mheshimiwa, mliuliza pua yangu, nami nikajibu kwa pua yangu. Pua yangu imekufa, na ilifia ndani ya kiwanda chenu. Ulizeni hiyo iliyo ukutani. Mtandao wake ni wa nyumba yangu, na mimi nimeulinda."

Uamuzi: hakuna kibali mpaka dohani iwekewe machujio, na mkaguzi wa manispaa ataleta pua yao isimame kando ya yetu msimu ujao. Si ushindi wa bendi, ila Bibi atapumua. Kesho yake Hermógenes aliambiwa kiwandani asirudi. Ameanza kuupaka ukuta wake chokaa. Nimemsaidia, vibaya.

Ana ombi moja, nami nimeahidi kulifikisha. Aliniuliza mimi, akamuuliza Bibi, na sote tulishindwa kwa sababu tumeizoea harufu hiyo. Akasema, "Muulize Nélida. Yeye ndiye aliyeikimbia. Inanukaje?"

Teodomiro

*

Arequipa, 2 Septemba 2018

Shikamoo Mjomba,

Mama amesoma barua zako zote na amekwenda kukaa uani. Anasema atakuja kumwona Bibi kabla ya Krismasi. Zaidi ya hapo sijui, na usimuulize.

Karatasi ya pili mpe baba. Usiisome. Najua utaisoma.

Baba,

Chukua ndoo ya matumbo ya samaki, uiache juani mpaka iote povu na kuanza kupumua yenyewe. Iongezee mafuta ya kukaangia yaliyochoka, na nywele zinazoungua. Lakini hiyo ni nusu tu, maana haikai puani. Inakaa nyuma ya ulimi. Ukimeza mate unaimeza. Imo kwenye mkate, kwenye maziwa, kwenye mto unaolalia. Ukioga na sabuni unakuwa samaki aliyejipaka marashi. Shuleni waliniita Kopo, na hakuna aliyetaka kukaa dawati moja nami, ingawa na wao walinuka vilevile. Usiku niliweka ndimu chini ya pua ili nilale. Asubuhi ndimu nayo ilikuwa imeshanuka.

Na jioni ulikuwa unarudi kutoka kazini, unaninyanyua, nami nageuza uso. Mara moja ulinishusha ukasema, basi. Hukuninyanyua tena. Nilikuwa nashikilia pumzi, baba. Lile koti lako la kazi.

Msimu wa pili ukifunguliwa nitautazama mstari kutoka hapa. Sasa hivi umelala chini kabisa, lakini bado unatembea. Ruta usiichomoe. Nikiuona umekatika nitajua umetoka, na nitakaa nisubiri urudi.

Nélida Rosales